Nyufa za Bonde letu zingali hai, nani atazisoma?

Mwanafunzi wa Kenya akiulizwa katika mtihani jinsi Bonde la Ufa lilivyofanyika, atajibu pasi na kusita. Atachora pande mbili za ardhi zikivutwa huku na huku, kipande cha katikati kikididimia, na mishale ikionyesha mwelekeo wa nguvu. Atapewa alama zake na kuendelea na swali linalofuata. Mimi hutatizwa na kitenzi tu: lilifanyika. Husemwa kana kwamba kazi ilikwisha zamani, mafundi wakafunga vyombo vyao na kwenda zao. La hasha! Bonde hili lingali linapanuka kwa milimita chache kila mwaka, na nyufa zilizolichonga zingali hai.

Ufa ulio hai, kwa maana ya wanajiolojia, si shimo linaloonekana kando ya barabara. Ni mahali ambapo pande mbili za mwamba zimeachana, zikawa zinakwaruzana, zikanasa, zikangoja, kisha siku moja zikateleza kwa ghafla. Kuteleza huko ndiko kunakoitwa tetemeko la ardhi. Kati ya kuteleza kumoja na kwingine huenda zikapita karne kadhaa, pengine maelfu ya miaka, na katika muda huo wote ufa hutulia kama mlango uliofungwa. Watu hulima juu yake, hujenga, huzaa, huzika. Ndiyo maana ni vigumu kumshawishi yeyote, awe mkulima au mbunge, kwamba jambo hili lina haraka yoyote.

Mimi ni mwanajiolojia mchanga katika fani hii. Miaka yangu nyanjani haijatimia kumi. Kwa hivyo sisemi kama bingwa. Nasema kama mtu aliyeshika mwiko na kukwangua kuta za mitaro katika jua la Januari, na ambaye ameanza kuona tatizo ambalo halimo katika vitabu tulivyosomeshwa.

Hebu tuanze na tukio ambalo Wakenya wengi hawalijui. Tarehe 6 Januari 1928, ardhi ya Subukia ilitikisika kwa tetemeko la ukubwa wa 6.9. Hakuna kubwa kuliko hilo lililowahi kunakiliwa katika nchi hii tangu vyombo vya kupimia vianze kutumiwa. Uso wa nchi ulipasuka kwa urefu wa takriban kilomita 38 kando ya ukingo wa Laikipia na Marmanet, na mahali pengine upande mmoja ukashuka kuliko mwenzake kwa zaidi ya mita mbili. Msomaji apime mita mbili ukutani kwake, kisha afikirie shamba likishuka kiasi hicho kwa muda wa sekunde chache.

Wakati huo bonde hilo lilikuwa chini ya walowezi, wakazi walikuwa wachache, na nyumba nyingi za Waafrika zilikuwa za miti na nyasi, ambazo hutikisika bila kuua. Leo hali ni nyingine kabisa. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilipata zaidi ya watu milioni mbili katika Kaunti ya Nakuru pekee, na mji wenyewe ukapandishwa hadhi kuwa jiji mwezi Desemba 2021. Ghorofa zimechomoza, shule zimejengwa kwa mawe, na paa za vigae zimekuwa fahari ya waliojaliwa. Tetemeko lile lile likirudi, halitawakuta watu wale wale wala nyumba zile zile.

Na vipimo hivi vya ukubwa visimhadae mtu. Kutoka 5.9 hadi 6.9 si hatua moja ya kawaida; nguvu inayofunguliwa huongezeka takriban mara 32. Tetemeko lililowapiga jirani zetu wa Bukoba tarehe 10 Septemba 2016 lilikuwa la 5.9. Liliwaua watu wasiopungua 17 na kubomoa maelfu ya nyumba, nyingi zikiwa za matofali yasiyofungwa kwa chuma. Hilo ndilo dogo.

Sasa, tunajuaje kama ufa wa Subukia uliwahi kupasuka kabla ya 1928, na baada ya muda gani? Vyombo havina jibu, kwani vina umri wa karne moja tu na ushei. Kumbukumbu za wazee husaidia, lakini nazo zina mwisho wake. Linalobaki ni kuuliza udongo wenyewe, na hapa ndipo kazi yetu inapoanzia.

Ni kazi ya jembe kabla haijawa ya kompyuta. Kwanza unautafuta ufa kwa picha za ndege na za setilaiti, kisha unautembelea kwa miguu, kutwa nzima, huku ukiuliza kila ngazi ya ardhi: wewe umefanywa na tetemeko, na mto, au na trekta? (Trekta limewapotosha wengi. Mtaro wa kuzuia mmomonyoko uliochimbwa miaka ya hamsini hufanana ajabu na ukingo wa ufa.) Ukisharidhika, watafuta mahali ambapo maji ya mvua yamekuwa yakilaza udongo laini, tabaka juu ya tabaka, kupita juu ya ufa. Ufa unaopita katika jabali tupu hauwezi kukutajia umri wake. Unaopita katika tope lililotulia kila mwaka ni kama daftari la mahudhurio.

Halafu mnachimba. Mtaro hukatiza ufa kwa pembe ya mraba, una urefu wa mita nyingi na kina kinachompita mtu mrefu. Kuta zake hukatwa kwa ngazi au kuzuiliwa kwa mbao, maana udongo haujali shahada ya mtu. Ukiporomoka humfunika profesa na kibarua kwa usawa. Kisha kuta hukwanguliwa hadi ziwe laini, zikagawanywa kwa kamba na misumari kuwa miraba, na kila mraba ukachorwa kwenye karatasi. Wapo siku hizi wanaotumia droni na kamera, na picha zao ni nzuri. Lakini mimi naamini jicho lililolazimika kuchora huona zaidi ya lile lililobonyeza kidude tu. Kuchora mita moja huweza kuchukua asubuhi nzima.

Tunachokitafuta ni tabaka lililokatwa, lililofunikwa na tabaka ambalo halikukatwa. Hapo tunajua kuwa tetemeko lilitokea baada ya la chini kulazwa na kabla ya la juu kulazwa. Wakati mwingine hupatikana vifusi vyenye umbo la kabari chini ya ngazi ya zamani, yaani udongo ulioporomoka kutoka ukingo uliokuwa mpya na mkali. Vifusi hivyo ni kama alama ya kidole ya tetemeko. Kisha hutafutwa vipande vya makaa, hata vidogo kama punje ya mchele, vilivyozikwa humo. Kaboni iliyomo ndani yake hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5,730 hivi, na kwa njia hiyo tunaweza kurudi nyuma hadi miaka 50,000 au karibu na hapo.

Fuko ndiye adui mkubwa wa tarehe hizo. Huchimba njia zake, akashusha kaa la jana katika tabaka la miaka elfu, au akapandisha la kale juu. Mizizi nayo hufanya vivyo hivyo. Mtafiti asiyezitambua njia za fuko huandika historia ya fuko, si ya ufa.

Mwaka 2009 watafiti wawili, Olaf Zielke na Manfred Strecker, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa aina hii katika bonde la Subukia. Walionyesha kwamba tukio la 1928 halikuwa la kwanza. Ufa ule uliwahi kupasuka katika enzi za kale pia. Kabla yao, mwaka 1991, Nicholas Ambraseys alikuwa amekusanya habari za tetemeko lenyewe na kulipima upya. Na kabla ya huyo, Mmarekani Bailey Willis alikuwa amekwisha kuandika juu ya mabonde yetu katika kitabu chake cha 1936.

Bila shaka msomaji amekwisha kuyatazama majina hayo. Sina kinyongo nao hata kidogo. Walikuja, wakatembea, wakachimba, wakatuachia ilimu ambayo bila wao tusingalikuwa nayo. Ninachouliza ni kwa nini, karibu karne nzima baada ya ardhi ya Subukia kupasuka, orodha ya waliousoma ufa huo kwa makini ingali fupi hivi na ingali ya wageni.

Jibu, kwa maoni yangu, si ukosefu wa vichwa. Vyuo vyetu vinatoa wanajiolojia kila mwaka, na tangu 1993 tunayo sheria ya kuwasajili. Jibu ni mahali palipo mshahara. Kijana aliyehitimu ataajiriwa katika madini, barabara, visima vya maji, au mvuke wa ardhini. Hebu tuutazame huo mvuke kidogo, maana kisa chake kina kinaya. Tangu mwaka 1981 Olkaria imekuwa ikizalisha umeme, na leo sehemu kubwa ya nguvu za nchi hii hutoka huko. Maji moto na mvuke hupanda kupitia nyufa. Kwa hiyo fedha zipo, na zipo kwa wingi, za kutafuta nyufa, kuzichora na kuzitoboa, mradi zitazamwe kama mabomba. Ufa ule ule ukitazamwa kama kisababishi cha tetemeko, mfuko hufungwa.

Anayeshikilia kuusoma kwa sababu hii ya pili huishia kutegemea mradi wa nje. Nami nimekuwa huko. Mgeni huja na fedha, vifaa na ratiba ya wiki tano. Wewe waijua lugha, njia na chifu. Wajua ni mlango gani wa kubisha kwanza. Mnafanya kazi pamoja kwa udugu, tena mara nyingi kwa udugu wa kweli. Kisha sampuli husafiri kwenda maabara ya ng'ambo, kwa kuwa kuzipima hapa hakuwezekani au ni ghali mno, na baada ya miaka miwili makala hutokea katika jarida ambalo chuo chako hakina fedha za kulilipia. Jina lako liko mle, la tano au katika shukrani. Mchoro wa ule ukuta ulioukwangua kwa siku kumi na mbili hauko katika ofisi yoyote ya kaunti. Mtaro wenyewe ulikwisha kufukiwa, kama inavyopasa, na mahindi yamepandwa juu yake.

Hapo ndipo hasara ilipo hasa. Mkulima hawezi kuisoma ile makala, fundi hawezi, na afisa wa mipango ya majengo hajui kama ipo.

Katika msimu mmoja nilifanya kazi kando ya shamba la mzee mmoja ambaye awali alidhani tunatafuta dhahabu. Hudhaniwa hivyo kila tunakokwenda na nyundo. Alipouona mtaro na kuelezwa mistari ile ya udongo, alinyamaza kwa muda, kisha akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, kifungua mimba wangu anataka kujenga nyumba ya mawe pale juu ya tuta. Ajenge, asijenge?"

Swali hilo halimo katika mtaala wowote wa chuo. Wenzangu wageni walinitazama nitafsiri, lakini halikuwa swali lao. Halikuulizwa kwa mtu atakayepanda ndege Jumamosi. Na mtu asidhani kuwa ni swali jepesi. Tarehe 6 Aprili 2009 mji wa L'Aquila nchini Italia ulipigwa na tetemeko la 6.3 lililowaua zaidi ya watu 300. Kabla yake palikuwa na mitikisiko midogo kwa miezi, na wakazi wakapewa hadharani maneno ya kuwatuliza. Mnamo Oktoba 2012 wataalamu sita na afisa mmoja wa serikali walihukumiwa kifungo cha miaka sita kila mmoja. Wataalamu hao sita waliachiliwa na mahakama ya rufani mwaka 2014, naye afisa akapunguziwa adhabu. Wengi huitaja kesi hiyo kama onyo kwamba mwanasayansi anyamaze. Mimi huiona kinyume chake. Kilichowaumiza watu wa L'Aquila hakikuwa kwamba sayansi ilishindwa kutabiri siku, kwani hakuna awezaye hilo popote duniani. Kilichowaumiza ni kuambiwa watulie mahali ambapo wangaliweza kuambiwa ukweli mzima: hatujui siku, lakini nyumba hii ni mbovu.

Kwa hivyo nilimjibu mzee: "Siku siijui, mzee, na atakayekuambia anaijua usimwamini. Huenda isitokee katika maisha yako, ya mwanao wala ya mjukuu wako. Lakini tuta lile lenyewe ndilo ufa, na siku litakapoteleza, hakuna msingi utakaolishinda. Asijenge juu yake. Ashuke kwenye ule uwanja wa chini, mbali na tuta, na juu ya madirisha azungushe mshipi wa zege na chuma kuta zote. Paa liwe la mabati, si la vigae." Aliuliza bei ya huo mshipi. Nilimkadiria, tukaketi tukahesabu mifuko ya saruji.

Mazungumzo hayo hayakuchukua nusu saa. Si ya kuingia katika jarida lolote, na sidhani kuna mradi unaoyapangia fedha. Hata hivyo, naona ndiyo matumizi halisi ya ule mtaro wote.

Ukosefu wa wasomaji wa nyufa hutuumiza kwa njia ya pili pia: uvumi hupata nafasi. Mwezi Machi 2018, baada ya mvua kubwa, ufa mpana ulijitokeza karibu na Mai Mahiu na Suswa, ukaikata barabara iendayo Narok. Kabla ya wiki mbili kupita magazeti ya dunia nzima yalikuwa yakitangaza kuwa Afrika inakatika vipande viwili mbele ya macho yetu. Waliokwenda kuuchunguza walieleza kwamba maji yalikuwa yamesomba majivu laini ya volkano yaliyojaza mianya ya chini kwa chini, hadi uso ukaporomoka. Huenda mianya hiyo ya kale ina nasaba na Bonde lenyewe. Juu ya hilo wataalamu walijadiliana. Lakini bara halikukatika wiki ile. Maelezo hayo yalifika yakiwa yamechelewa na yakiwa na sauti ndogo, nayo picha ya barabara iliyokatika ilikuwa imekwisha kuzunguka dunia.

Mambo yalikuwa kinyume mwaka 2007. Mwezi Julai mitikisiko iliyotoka karibu na mlima Gelai, kaskazini mwa Tanzania, iliwafanya watu wa Nairobi watoke mbio katika majumba marefu. Ule mkubwa, wa tarehe 17, ulifikia 5.9. Huo haukuwa uvumi. Uji wa moto wa mwamba ulikuwa ukijipenyeza chini ya ardhi, na Septemba mwaka uo huo Ol Doinyo Lengai ikalipuka kwa nguvu. Na kuanzia mwishoni mwa 2024 hadi mapema 2025, jirani zetu wa Ethiopia, katika eneo la Fentale na Awash, walihamishwa kwa makumi ya maelfu kwa sababu ya kitu cha jinsi hiyo hiyo. Bonde lao na letu ni moja.

Tufanye nini basi? Kuna kituo kizuri cha kupimia mitetemeko pale Kilimambogo, ambacho dunia hukitegemea pia kufuatilia majaribio ya silaha za nyuklia. Ni jambo la kujivunia, lakini kituo kimoja hakitoshi kuonyesha ufa mdogo ulioamka Bogoria au Magadi. Mwongozo wa kujenga kwa kuzingatia matetemeko ulitolewa hapa nchini mwaka 1973. Kujua ni wapi uutumie kwa ukali zaidi kunahitaji ramani ya nyufa hai, si ramani ya mvuke wala ya madini. Ramani hiyo haiwezi kuchorwa na wageni wa wiki tano tano. Yahitaji vijana kumi, pengine kumi na watano, wanaolipwa kukaa na kazi hiyo kwa miaka, na sharti moja jepesi kwa kila mradi wa nje: nakala ya michoro ya mtaro na tarehe zake ikabidhiwe kaunti kabla ya mtaro kufukiwa, ikiandikwa kwa lugha ambayo fundi wa nyumba ataielewa.

Walimu wa jiografia nao hawana haja ya kungoja serikali. Kazi ya nyanjani wanaijua. Mara nyingi wanafunzi husafirishwa mbali kwa basi kwenda kutazama ziwa au kiwanda, ilhali wenzao wa Subukia, Bahati au Nyahururu wana ukingo wa ufa umbali wa kutembea. Kamba, fimbo mbili zilizopimwa na chupa ya maji ya kutafutia usawa vyatosha kupima kimo cha ngazi ile. Vipimo vya shule ishirini, vikikusanywa kwa uangalifu, vitamfaa mtafiti yeyote. Nami ningevipokea kwa mikono miwili.

Tarehe 6 Januari 2028 itaangukia siku ya Alhamisi, na tetemeko la Subukia litakuwa limetimiza miaka 100. Zile kilomita 38 zagawanyika vizuri kati ya shule zilizo kandokando yake, kila shule ikichukua kilomita mbili. Waliokuwa watoto wadogo mwaka 1928 karibu wote wamekwisha kutangulia, ila wajukuu wao wangali wanakumbuka waliyosimuliwa: ukuta gani ulianguka, kisima kipi kilikauka, ng'ombe walikimbilia upande gani. Hayo nayo yaandikwe katika daftari hilo hilo, pamoja na jina la aliyesimulia na jina la shamba.